Shajara ya Mzee Domo: kuusaka mshono usioonekana

Siku ya kwanza

Gundi ya kichwa imekauka tangu jana. Kichwa cha sponji kiko mezani, kimeachama, hakina macho wala ngozi, na bado kinanitazama. Jina lake Mzee Domo, kwa sababu ya hilo domo lenyewe: nilipokuwa nakata bamba la kinywa nilijisahau nikalifanya pana kuliko mchoro, kisha nikaona linampendeza, nikaacha. Ni kikaragosi cha kuingiza mkono hadi karibu na kiwiko, vidole vinne juu na gumba chini. Toka utosi mpaka kiunoni ana sentimita 55.

Huyu ni wa nne. Watatu waliomtangulia wana ugonjwa mmoja, mshono wa katikati ya uso. Ukikaa mbali huuoni. Ukisogea, hasa taa ikiwa ubavuni, unauona umeshuka toka kwenye paji la uso kama mfereji wa maji ya mvua. Mpwa wangu ana miaka saba. Nilipomwonyesha yule wa tatu aliuliza swali moja tu: "Mjomba, huyu nani alimkata?" Nikamwambia hakukatwa na mtu. Akapitisha kidole juu ya mshono toka juu mpaka chini, akanitazama, akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma.

Kwa hiyo shajara hii haitasimulia kikaragosi kizima. Macho, nywele na nguo nitavitaja nikipita. Ninachofuata hapa ni mshono.

Ngozi yake itakuwa flisi ya poliesta, kile kitambaa laini chenye manyoya kinachoshonewa makoti ya baridi, rangi ya chungwa iliyopauka, unene karibu milimita 3. Yale manyoya mafupi ya juu nitayaita malaika, kama zile za mkononi mwa mtu, maana ndivyo yalivyo. Mafundi wa vikaragosi wa Marekani wana flisi yao ya nailoni, iliyopata sifa kwa vikaragosi vya Jim Henson, fundi wao mkubwa. Malaika zake ni nyingi na zimesimama, zinaumeza mshono vizuri, tena nailoni inakubali kutiwa rangi za asidi hata ukiwa na sufuria na jiko tu. Poliesta haizikubali rangi hizo. Rangi uliyoikuta nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Hata hivyo flisi ya poliesta ni kitu cha juzi juzi, ilitoka kwenye kiwanda cha Malden Mills, Massachusetts, mwaka 1979. Henson alimtengeneza Kermit, kikaragosi chake maarufu kuliko vyote, mwaka 1955 kwa koti kuukuu la mama yake, na macho yakatoka kwenye mpira wa tenisi ya meza uliopasuliwa katikati. Hilo najikumbusha kila nikitaka kukilaumu kitambaa.

Siku ya pili

Sijaigusa ngozi bado. Nimeshona vipande vya majaribio, kila kimoja sentimita 10, nikavipanga mezani na kuweka taa ubavuni, chini, karibu usawa wa meza. Taa ya juu inasamehe kila kitu. Hii ya ubavuni haina undugu na mtu.

Kipande cha kwanza nimekipitisha kwenye cherehani, uso kwa uso, nikaacha milimita 5 za kitambaa nje ya mshono. Mshono umenyooka kama rula. Lakini zile milimita 5 zikigeukia ndani zinakaa chini ya ngozi kama mshipa, na mguu wa cherehani umezilaza malaika pande zote mbili. Nikasema nipige pasi kidogo ule mshipa ulale. Usijaribu. Malaika za poliesta zikipata joto la pasi zinaganda zikiwa zimelala, zinabaki zinang'aa, na hakuna brashi itakayoziamsha.

Cha pili nimeshona kwa mkono, uso kwa uso, uzi unazungushwa juu ya kingo mbili kama watu wanavyoshona mto uliopasuka. Mshipa umekwisha. Ila kila mzunguko wa uzi umezikaba malaika kadhaa, na ukikifungua kipande unakuta vidoti vimepangana mstari mzima.

Cha tatu ni ule mshono ambao mafundi wa vikaragosi wanauita kwa jina la Henson. Nimeuharibu mara mbili. Mara ya tatu umekubali.

Siku ya pili, usiku

Nauandika jinsi unavyokwenda, maana mikono yangu ikilala inasahau.

Vipande viwili vinalazwa ubavu kwa ubavu, uso wa kitambaa ukiwa juu. Hakuna kukunja wala kuacha akiba. Ukingo uliokatwa unagusana na ukingo uliokatwa, kama mbao mbili za sakafu. Flisi inakubali jambo hilo kwa sababu imefumwa kama sweta na ikasuguliwa mpaka ikaota manyoya, kwa hiyo ukiikata haichanui nyuzi.

Sindano inaingia kwenye uso wa kipande cha kushoto, milimita 2 toka ukingoni. Inashuka kwa mshazari, inatokea kwenye ule unene wa ukingo, inavuka, inaingia kwenye unene wa ukingo wa kulia, inapanda mpaka usoni, na inatokea milimita 2 toka ukingoni. Hapo uzi unatembea juu ya kitambaa, sambamba na mshono, milimita 2 tu. Unazama tena, unarudi kushoto kwa njia ile ile, unatembea milimita 2, unazama. Basi, hakuna siri nyingine. Ukiuangalia ukiwa umelegea ni ngazi. Vipandio vyake vinapita ndani ya kitambaa, na vile vijiti vya pembeni ndivyo vinavyolala juu, navyo ndivyo vinavyotakiwa kuzama.

Nachoma mara sita au saba bila kukaza. Midomo miwili ya kitambaa bado imeachama. Halafu naushika uzi karibu kabisa na kitambaa na kuuvuta taratibu kuelekea mbele, kwa kufuata njia ya mshono. Midomo inajifunga yenyewe toka nyuma kuja mbele, kama zipu. Makosa yangu mawili ya kwanza yalikuwa hapa: nilikuwa nauvuta uzi kwenda juu, kuelekea usoni mwangu, kama watu wote wanavyovuta uzi. Ukivuta juu, mchomo wa mwisho peke yake ndio unaobana, na ya nyuma inabaki wazi na kudanganya kwamba imefungwa.

Kuna swali la kukaza kiasi gani. Ukikaza kidogo, midomo haikutani. Ukikaza sana, inajikunja kuingia ndani, nawe umeuchimba ule ule mfereji. Nimekaa na kipande hiki nikivuta na kulegeza mpaka kidole kikakijua kipimo: midomo iguse, kisha ongeza kidogo, kama unavyofunga bendeji juu ya kidonda cha mtu mwingine. Cha kwako utakilegeza.

Ukimaliza, unachokiona kinakatisha tamaa. Mistari miwili ya vishimo, na katikati yake mkwaruzo. Nilikitupa pembeni kile kipande nikijua nimeshindwa tena.

Siku ya tatu

Sikushindwa. Kazi ilikuwa haijakwisha.

Asubuhi nilikichukua tena, nikawasha taa ya ubavuni, nikashika sindano tupu isiyo na uzi, nikaanza kuchokoa. Ncha ya sindano inalazwa, haisimamishwi. Unaiingiza chini ya uzi ulipozama, unainua kidogo, unaitoa kwa kuikokota kuelekea kwenye mshono. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili malaika tatu nne zinachomoka kutoka chini ya uzi, zimepinda kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Mara ya tatu kishimo hakipo. Si kwamba kimejaa. Kimefunikwa, na jicho haliwezi kuona kilichofunikwa na kitu chenye rangi ile ile. Nikasogea mchomo unaofuata.

Nilipofika katikati ya kipande nilisimama na kukitazama. Nusu moja ina mshono, nusu nyingine haina, na zote mbili zimeshonwa na mkono mmoja kwa uzi mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa kilichowaua wale watatu. Miaka yote nimekuwa nikihangaika kuuficha uzi: nyuzi nyembamba, sindano nyembamba, michomo midogo. Uzi hauhitaji kufichwa na mimi, malaika ndizo zinazouficha, na kazi yangu ni kuhakikisha ziko hai na ziko huru. Kila kitu kinachozikaba, kuzilaza, kuzikata au kuzigandisha ndicho kinachotengeneza mshono unaoonekana.

Baada ya sindano, mswaki. Mpya, wa nywele laini, unapita kwa kukatiza mshono kulia na kushoto, kisha mwisho kabisa unafuata mlalo wa malaika. Usisugue sana, poliesta ikisuguliwa kwa hasira inaota vipele vile vya sweta la zamani.

Siku ya nne

Leo ni kukata tu. Dada yangu, mama yake mpwa, ni fundi wa nguo, alipita akanikuta nimeinama na mkasi.

"Kaka, unakata kitambaa au unapasua mtu?"

Nikamwambia jinsi mshono unavyokwenda. Alisikiliza, akakishika kile kipande cha majaribio, akakigeuza mbele na nyuma, akakivuta. "Kwenye nguo huu haufai hata wiki moja," akasema. Ni kweli, haufai. Nguo inavutwa kwapani na magotini kila siku. Ngozi ya kikaragosi imebebwa na sponji. Lakini alinipa mambo mawili kabla hajaondoka. Uzi uwe mweusi kidogo kuliko kitambaa, kamwe usiwe mweupe kuliko kitambaa, kwa sababu uzi ulioiva unafanana na kivuli na uliopauka unafanana na uzi. Na ule mwisho unaotoka wa kwanza kwenye kibonge ndio utiwe kwenye tundu la sindano, hapo uzi hausokoteki ovyo.

Mambo ya kukata niliyoyafuata. Kwanza kujua uso na mgongo, maana flisi nyingi zina manyoya pande zote mbili na taa mbovu inakuchanganya. Shika ukingo uliokatwa kwa upana, uvute: kitambaa kinajikunja kuelekea mgongoni. Pili mlalo wa malaika. Pitisha kiganja kushuka kisha kupanda, upande mmoja unateleza na mwingine unakwaruza. Vipande vyote vya kichwa malaika zielekee chini. Tatu, mvutiko. Flisi inavutika zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, nami nimeuweka ule upana uzunguke kichwa.

Nne ndiyo ninayoiona kubwa, na sikuwahi kuifikiria: mkasi usimame wima. Ukiulaza, ukingo unatoka kwa mshazari, mdomo mmoja mnene na mwingine mwembamba kama jani, na vikikutana vinapandana. Mkasi mkali, mkato mrefu, bila kufunga ncha kabisa kila mara, maana ncha ikifungwa inaacha jino dogo. Nimechora mistari upande wa mgongo kwa kalamu ya wino. Hilo la kalamu nitalijutia, lakini siku ya nne sikujua.

Siku ya sita

Kichwa kimeshonwa. Mshono mkubwa unaanzia juu ya mdomo, unapanda katikati ya uso, unapita utosini na kushuka kisogoni, sentimita 46. Kwa hatua za milimita 2 ni michomo 230. Uzi ni wa poliesta, ule mgumu wa kushonea viti, mmoja bila kukunjwa mara mbili, urefu wa dhiraa. Ukizidisha dhiraa, uzi unachakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi na unafunga mafundo yenyewe. Dhiraa moja inanipa sentimita 9 au 10 za mshono, kwa hiyo nyuzi tano. Nilianza saa mbili usiku, nikamaliza saa tano kasorobo.

Sikuanzia mwisho mmoja. Nilianzia utosini nikashuka mbele, kisha nikarudi utosini nikashuka nyuma. Flisi inatambaa chini ya vidole. Ukianzia chini kwenda juu utafika mwisho kipande kimoja kimebaki kirefu kuliko mwenzake, na utaanza kukiminya ili kitoshe. Pia niliweka alama kila sentimita 3 kwenye vipande vyote viwili, alama ikutane na alama.

Nikachokoa, nikapiga mswaki, nikakishika kile kiganda cha kichwa mkononi bila sponji. Sikuona mshono. Nilicheka peke yangu.

Nikakivalisha kichwa cha sponji. Paji lote la uso likakenua.

Kukenua ndilo neno lake. Midomo ya mshono ilivutwa huku na huku na meno yakaonekana: uzi mmoja mmoja, ukiwa wima, toka nyusi mpaka utosi. Na katikati ya meno hayo, rangi ya buluu. Wino wa kalamu ulikuwa umepanda toka mgongoni kupitia kwenye unene wa ukingo, na ule mstari niliokuwa nimeufuata kwa uaminifu wote ukawa umechorwa katikati ya uso wa Mzee Domo.

Nimezima taa nikalala.

Siku ya saba

Nimefumua yote. Dakika 40.

Kosa la kukenua ni la hesabu. Nilikata ngozi kwa kiolezo kile kile nilichokatia sponji. Lakini ngozi inakaa juu ya sponji, na flisi ina unene wake, kwa hiyo ngozi inazunguka duara kubwa kuliko la sponji. Nguo ya ndani na ya nje haziwezi kukatwa kipimo kimoja. Kwa kuwa flisi inavutika, inakubali kuingia, na kwa kukubali huko inakuficha kosa mpaka umalize. Halafu mvutano wote unakwenda kudai haki yake mahali dhaifu kuliko pote, kwenye mshono.

Nilifikiria kukata milimita moja ya ukingo wenye wino na kunyoa sponji ya paji la uso ili vitoshane. Nilishika hata mkasi. Lakini ukishaanza kukarabati kitu kwa kukipunguza, kila siku utapunguza, na mwisho Mzee Domo atabaki na kichwa cha ndege. Nimekata vipande vipya, nimeongeza milimita 3 kila upande wa mshono, na nimechora kwa chaki ya fundi. Vile vya zamani nimevitunza kwa ajili ya masikio na mikono.

Siku ya tisa

Mara ya pili mkono unajua njia. Niliongeza kitu kimoja, nta ya nyuki kwenye uzi, kwa sababu uzi ulikuwa ukijisokota. Uliteleza vizuri ajabu. Nilipoanza kuchokoa nikakuta malaika zimeshikana vijinywele vijinywele, kama ndevu zilizodondokewa na uji. Nta ilikuwa ikibanduka kwenye uzi kila unapopita na kubaki kwenye manyoya. Sentimita 8 tu nilikuwa nimeshona, nikafumua. Nta haina kosa: uzi ukishapakwa, uuweke katikati ya karatasi mbili na kuupitishia pasi ya moto. Nta inayeyuka na kuingia ndani ya uzi, ya ziada inabaki kwenye karatasi. Nikaupitisha uzi katikati ya vidole, mkavu, mlaini, haunati.

Jambo jingine ni pale uzi mmoja unapokwisha na mwingine kuanza. Zamani nilikuwa nafunga fundo upande wa nje na kulisukuma ndani kwa sindano. Linarudi kutokea, ni suala la muda tu. Sasa uzi unaoisha naurudisha nyuma michomo minne ndani ya unene wa ukingo, nafunga fundo kwa ndani, mgongoni, mbali na mstari wa mshono. Mpya nauanzia ndani, kwenye michomo miwili ya nyuma, ili nyuzi hizo mbili zipitane.

Leo nimekivalisha kichwa saa nne usiku. Nikauzungusha mkono wenye taa pande zote. Hakikenui. Chini ya kisogo kuna mahali pa sentimita mbili hivi ambapo nilikaza kupita kiasi, panaonekana kama alama ya mto usoni mwa mtu aliyelala mchana. Nywele zitakaa hapo. Sitapagusa.

Siku ya kumi na moja

Pua: duara la flisi, uzi wa bandi pembeni kuzunguka, mpira wa sponji katikati, vuta, funga. Dakika ishirini.

Masikio yalichukua siku nzima, na ni kwa uchoyo. Nilitaka yatoke kwenye vile vipande vya zamani, na sikio la kushoto lilienea tu nikiligeuza juu chini. Nikajiambia hakuna atakayeona. Nikalishona, mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kushona, haupo kabisa, unatafuta na kidole. Nikaliweka kichwani nikasogea nyuma hatua tatu. Sikio moja la rangi ya chungwa na jingine la rangi ya tofali. Kitambaa ni kile kile. Malaika zinazoelekea juu zinameza mwanga na zinazoelekea chini zinaurudisha. Unaweza kuushona mshono mpaka ukapotea, na tofauti ya mlalo ikauchora upya pale pale ulipokuwa. Nimelikata jingine kutoka kitambaa kizima, na lile la tofali nimelibandika kwenye ukuta juu ya meza.

Mpaka wa sikio na kichwa nao ni mshono, na ni mgumu kwa sababu hapo kingo haziko ubavu kwa ubavu, zinakutana kwa pembe. Nimeshona kwa ngazi ile ile lakini upande wa kichwa sindano haina ukingo wa kutokea, kwa hiyo inapita ndani ya unene wa flisi kwa milimita 2 na kutoka, bila kugusa sponji. Ukigusa sponji, kila sikio likivutwa linaacha kibonyeo shavuni.

Siku ya kumi na tatu

Mikono ina vidole vinne kila mmoja, yaani gumba na vitatu. Vidole vitano kwenye flisi ya milimita 3 vinakuwa soseji. Mshono unazunguka kiganja chote, kupanda na kushuka kila kidole, na kwenye mapengo ya vidole hakuna namna ya kuchomeka michomo ya milimita 2 bila kukunja kitambaa. Pale nimeshuka mpaka milimita 1, nikakaza nusu ya nilivyokaza usoni.

Ubaya wa vidole ni kwamba huwezi kuvishona vikiwa bapa ukategemea vitajaa vizuri. Ukijaza pamba, mshono unahama toka ubavuni na kuja juu. Nimejaza kidogo kidogo wakati nashona: kidole kimoja, pamba, kidole kinachofuata. Kuchokoa kwa vidole nimefanya mwisho, vikiwa vimejaa, maana kitambaa kikishavutwa na pamba malaika zilizokabwa zinaonekana zenyewe.

Siku ya kumi na tano

Macho, nyusi za uzi wa sufu, koti. Mzee Domo amekaa kwenye kiti.

Mpwa amekuja na mama yake. Sikusema kitu. Nilimwingiza mkono Mzee Domo, nikamfanya amtazame, akafungua domo lake, akamsalimia. Mtoto akaitika "marahaba" kwa makosa, akajishtukia, akasema "shikamoo babu." Wakaongea habari za shule kwa muda mrefu kuliko mimi na yeye tulivyowahi kuongea.

Halafu nikamwambia atafute mshono. Akasogeza uso mpaka pua yake ikagusa pua ya Mzee. Akamgeuza kushoto, kulia, akamwinamisha. Dada yangu akawasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni bila kuambiwa, fundi ni fundi. Mtoto akapitia paji la uso, akapita. Akaangalia shingo, ambako kuna mshono kweli, akapita.

"Hana," akasema. Kisha akamshika mkono kumuaga, akausimamisha hapo hapo, akaubonyeza gumba la kulia mara mbili. "Mjomba, ana kipele."

Nikaushika. Fundo. Nililiweka ndani ya gumba, mgongoni mwa kitambaa kama kawaida yangu mpya, mahali ambapo jicho haliwezi kufika. Lakini pamba inalisukuma nje, na mkono wa kikaragosi ndicho kitu cha kwanza ambacho kila mtoto atakishika.

Wameondoka saa moja. Nimefumua gumba la kulia sentimita 3, nimetoa pamba, na uzi nimeurudisha michomo sita ndani ya ukingo bila fundo lolote, kisha mbele mitatu, kisha nyuma tena. Nimebonyeza. Nimefumba macho nikabonyeza tena. La kushoto nalo lina fundo. Nimeliacha wazi mezani, sindano ikiwa imechomekwa kwenye kiganja, kwa ajili ya kesho.